Msafara Bila Honi

Jumatatu, 1 Desemba

Leo Mzee Khatib kapiga hodi kwetu. Mwenyewe! Tangu nirudi kutoka Maskati nazunguka kutafuta mtu wa kunipelekea posa kwake, na leo yeye ndiye aliyekuja. Mama akaleta kahawa na kashata. Mzee akasema mwanawe Hafidh anaoa Wete Jumapili, na anataka dereva wa kumpeleka bwana harusi. Kasikia nimeendesha magari kwa Waarabu. Nikasema nimeendesha sana. (Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi kanzu kwa dobi. Gari ya kupelekea nguo niliushika usukani wake pale dereva alipovunjika mguu. Lakini hiyo nayo ni gari.)

Kisha akaligusa jambo lenyewe. Akasema maneno yangu juu ya binti yake Ruweida yamemfikia, na hajayakataa. Ila mtu humjua mtu safarini. Basi nimpeleke Hafidh salama na kwa heshima, tukirudi tutakaa tuzungumze mahari. Yakhe! Nimelala chali mpaka magharibi nikiichekea dari.

Mpango: sitaendesha kama hawa wa huku Pemba. Nitaendesha Kimaskati. Mkanda, mistari, umbali baina ya gari na gari, na kimya. Kule mtu hapigi honi ovyo, honi ni kama tusi. Huku honi ndiyo salamu, ndiyo samahani, ndiyo nipishe, ndiyo nimemuona shangazi yako sokoni. Watu wamezoea fujo, maskini, hawana wa kuwaonesha. Mzee Khatib ataiona tofauti na atanipa binti kabla hatujafika Chake, nusu ya njia.

Jumatano, 3 Desemba

Mazoezi. Gari ni Noa nyeupe ya ami yake Hafidh. Nikafungua mlango, nikakaa, nikafunga mkanda, nikanyoosha mikono. Usukani hakuna! Nimekaa upande wa abiria, na ami mtu amesimama ananitazama. Kule usukani uko kushoto na gari zinapita kulia, mwili umeshazoea. Nikamwambia dereva wa kweli huanza kwa kukagua kiti cha abiria. Akasema sawa, lakini hakuondoka mpaka aliponiona nimehamia.

Njia nzima kila nikitaka kukata kona, waipa zinafuta kioo kikavu. Indiketa wameiweka mkono wa pili. Nikampita Mzee Jaribu, kanyanyua fimbo kunisalimia. Sikusimama, sikupiga honi. Kule huwezi kusimama katikati ya barabara kumuuliza mtu hali ya magoti yake. Nikataka angalau nimuwashie taa, zikatoka waipa. Jioni mama akaniambia kijiji chetu kizima cha Chokocho kinasema Duni karudi na kibri, hapokei salamu za wazee.

Na huyu Masoud! Ndiye anayeendesha gari ya abiria ya kwenda Chake. Mkono mmoja usukani, mwengine nje ya dirisha unasalimia dunia. Akikutana na dereva mwenzake wote wawili husimama katikati ya njia, wakamaliza msiba, karafuu na mpira, na walio nyuma wanangoja. Wanangoja! Wengine wanateremka wasikilize. Na wakimpenda mtu huku, wanampenda Masoud. Jumapili atawabeba wanaume wa msafara, nyuma yangu. Nyuma yangu. Hilo limenipoza kidogo.

Ijumaa, 5 Desemba

Baada ya sala nimewakusanya madereva wa msafara, nikawapa somo. Hakuna kupitana. Hakuna honi. Taa ziwake mchana. Masoud akauliza, sasa watu watajuaje kuwa ni harusi? Nikamjibu watu wana macho. Akacheka, wengine wakacheka naye. Lakini Mzee Khatib akasema siku hiyo amri ni ya Duni na hatamuingilia mtu. Nilimtazama Masoud mpaka akaangalia pembeni.

Alasiri dada yangu Ummi kaja na ujumbe wa Ruweida. Hafidh atavishwa kwa ami yake, upande wa pili wa kijiji, kwa hiyo msafara utapita nyumbani kwao. Nikifika pale kona nipige honi, ili mama yake, Bi Zulekha, atoke na wanawake wenziwe amuombee mwanawe dua, wamrushie asumini. Asumini anazitunga Ruweida mwenyewe. Na kikuba kimoja, kishada cha maua ya kunukia, kasema, ni cha kuning'iniza kwenye kioo cha dereva.

Nimefikiri sana. Huu ni mtihani. Kule nyumba ya watu wa heshima haipigiwi honi, na Ruweida amesoma, anajua. Anataka kuona kama nina msimamo au napelekeshwa. Ummi akasema hapana, mwenzio kasema upige honi, anataka upige honi. Nikamwambia huwajui wanawake. Akasema mie ni mwanamke. Nikamwambia hilo halitoshi.

Jumapili, 7 Desemba

Naandika usiku, nimesharudi.

Tulianza vizuri. Hafidh nyuma ndani ya joho jeusi na kilemba, Mzee Khatib ubavuni pangu na tasbihi yake. Hafidh hakulala jana kwa kuchezewa dufu, basi hata kijiji hatujakimaliza kashajilaza kwenye kiti, joho kajifunika usoni kwa ajili ya jua. Tukafika kona ya kwao. Nikapunguza mwendo. Mlango umerudishwa, sauti za wanawake zinasikika ndani. Kidole kilikuwa juu ya honi, wallahi kilikuwa pale pale. Nikakiondoa. Tukapita kimya, safi kabisa. Mzee Khatib akageuka, akanitazama muda. Nikajua amevutiwa.

Baada ya hapo gari ya ng'ombe, imejaa ndizi, ikatokea njia ya shamba ikaingia katikati, baina yangu na Masoud. Ule umbali niliouamrisha ulimpa ng'ombe nafasi nzuri kabisa. Na kwa amri yangu hakuna wa kumpita wala wa kumpigia honi. Mimi nami siwezi kuuacha msafara wangu. Nikawasha taa zote za kumetameta na tukaenda kwa mwendo wa ng'ombe. Hata alipokata njia yake nikaona mwendo ule una heshima, nikaubakisha. Jua kali, wanaume nyuma wamenuna, hakuna aliyeimba.

Nikaanza kuona mambo mazuri njiani. Watu wanasimama! Waliokaa barazani wananyanyuka, wenye baiskeli wanateremka. Chake, muuza duka mmoja akashusha mlango wake nusu. Mzee mmoja akainua mikono akaomba dua. Nikasema moyoni, wanajua kitu kizuri wakikiona. Nikawa nawajibu kwa kuinamisha kichwa, taratibu. Mzee Khatib pembeni anavuta tasbihi, midomo inacheza. Nikadhani anashukuru.

Wete tukapokewa na vilio.

Turubai la harusi lipo, mapambo yapo, na wanaume wamekaa kimatanga. Pilau imeteremshwa motoni. Kumbe Chake waliona gari nyeupe mbele, taa zinawaka, msafara wa kanzu hauna honi wala neno, baba mtu anavuta tasbihi na nyuma yake mtu kalala kafunikwa. Wakamtambua Mzee Khatib. Simu zikatangulia Wete: mwanawe Hafidh amefariki njiani akienda kuoa. Mtu mmoja akanikamata mkono, akaniuliza kwa upole kama tutamzika huko huko au tutarudi naye.

Hapo Hafidh akaamka. Akateremka na joho lake, anapiga miayo.

Sijapata kuona watu wazima wakikimbia vile. Shemeji wa watu kapita juu ya sufuria. Bibi harusi, Nahla, akazimia ndani, akaamshwa kwa marashi. Bibi yake, Bi Mwanaasha, peke yake ndiye hakukimbia. Akamshika Hafidh kidevu, akamlisha tende, akangoja aone kama inashuka. Iliposhuka akasema haya, muozesheni.

Ndoa imefungwa alasiri badala ya adhuhuri. Pilau imeliwa ina maji. Kurudi, Mzee Khatib kapanda gari ya Masoud. Walirudi na honi kutoka Wete mpaka Chokocho, na kila walipopita watu wakishangilia. Mimi nilirudi na kiti kitupu ubavuni.

Jumatatu, 8 Desemba

Nilikuwa nimejipanga kuomba radhi kwa mambo ya Wete. Nikamkuta Mzee Khatib anafunga kamba ya ndoo. Akasema Wete si kitu. Wete watu wamecheka baadaye, na watacheka miaka. Kisha akanieleza taratibu kama anamueleza mtoto. Mkewe aliamka kabla ya alfajiri, akafukiza udi, akashika Yasini, akakaa nyuma ya mlango kungoja honi. Mwanawe mmoja wa kiume anatoka kwenda kuoa, na mama hutoka akamuwekea mkono kichwani. Honi ndiyo ya kumuita. Wengine waliposikia magari yanapita walimwambia toka, akasema hapana, hao si wao, wetu watapiga honi. Alipochungulia aliona mgongo wa gari ya mwisho.

Mama mtu hakumuona mwanawe akiondoka, kasema Mzee. Na hilo, Duni, halirudiwi. Akarudi kwenye kamba yake.

Nikataka kusema habari ya Maskati. Nikamsogezea ndoo badala yake. Nikatoka na nikapita pale kona kwa miguu. Sinia la asumini liko juu ya ukuta wa ua, zimenyauka, zimekuwa rangi ya chai. Kikuba kimoja kiko peke yake pembeni. Nimesimama hapo kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Najuta. Najuta mpaka meno yananiuma. Kidole kilikuwa juu ya honi!

Alhamisi, 11 Desemba

Kukaa na kujuta si kazi ya mwanamme. Mpango mpya: honi waliyoikosa nitawapa. Nimeazima pikipiki ya binamu yangu Safari, ina honi ya lori, kaifunga mwenyewe. Nitafika kona, nitapiga, Bi Zulekha atatoka, Ruweida atatoka, nitaomba radhi hadharani. Watu wa huku wanapenda vitu vya hadharani.

Nimefika, nimepiga. Kitufe kikanasa ndani. Honi haikunyamaza tena! Nikapiga ngumi, nikazima pikipiki, ikalia vile vile. Na sikuwa nimeangalia saa. Msikiti uko ng'ambo ya kona, na watu wako rakaa ya pili ya alasiri. Waliposalimu wakatoka wote kuja kutazama. Mzee Khatib alikuwa mbele, kiatu kimoja mguuni. Hakunitukana, na ningependelea anitukane. Aliuliza tu kwa nini siku ya honi nilinyamaza, na saa ya kunyamaza nimekuja na honi.

Masoud ndiye aliyekata waya, kwa meno. Akaniambia pole. Alimaanisha, nilimuona usoni, na hilo limenichoma kuliko yote.

Ruweida alikuwa dirishani. Hakucheka. Alifunga pazia polepole, kama mtu anayefunika chakula kilichobaki.

Jumapili, 14 Desemba

Ummi kaniambia huku anapeta mchele, bila kuniangalia. Masoud kapeleka posa Ijumaa, na imepokewa. Ruweida kaulizwa, kanyamaza, na kunyamaza kwa mwari ni kukubali. Nikauliza kama kasema chochote juu yangu. Ummi akapeta kwanza. Kisha akasema, Ruweida alimwambia kuwa jibu lake kwangu lilikuwa tayari tangu ile Ijumaa ya kabla ya harusi, ndilo lile alilolitunga kwenye kikuba. Alingoja tu asikie nimefika.

Sikula mchana. Mama kanifunikia sahani.

Jioni nimekaa nikafikiri, na nimeona kosa lilipo. Kosa ni gari ya ng'ombe. Ile ndiyo iliyoharibu mwendo. Na kosa la ng'ombe ni kwamba huku hakuna aliyemfundisha ng'ombe sheria za barabarani. Kule Maskati ngamia tu ana alama yake njiani! Kesho nakwenda kwa mwenye ile gari ya ndizi. Nitamfungia ng'ombe vioo vya kumulika nyuma, kitambaa chekundu pembe ya kulia kwa kukata kulia, cheupe pembe ya kushoto. Nitamfundisha kuacha umbali. Na nimesikia mwenye gari ana binti, Kauthar, hajaposwa, na mama yake ni mtu wa heshima zake. Safari hii nitajionesha taratibu, kwa utulivu, bila kelele yoyote.

Sasa hivi Masoud anarudi kutoka Chake. Nimemsikia toka mbali. Kafika pale kona, kapiga mbili, fupi fupi. Kimya kidogo, kisha nikasikia mlango wa Bi Zulekha ukifunguliwa, na wanawake wanacheka.

Kule angeandikiwa faini.