Kifurushi cha Saa Moja

Bwana Rimoti alimwona matroni mstaafu dukani akinunua kufuli ya tatu, moyo ukamruka kwa furaha. Mtu hanunui kufuli tatu kulinda masufuria.

"Shikamoo, mama. Kufuli ni mambo ya kizamani," alisema huku akimpa kadi yenye picha yake amevaa tai. "Siku hizi nyumba inakaa mfukoni. Unabonyeza simu, taa zinawaka. Unabonyeza, mlango unafunguka. Waya hata mmoja hakuna."

"Marahaba. Na mwizi naye akibonyeza?"

"Mama! Mwizi ataitoa wapi namba ya siri?"

Matroni akalipa, Rimoti akamfungia mtambo. Namba ya siri, tuseme ukweli, aliitunga yeye mwenyewe na akaihifadhi kwenye simu yake kabla hajampa mwenye nyumba. Kitasa nacho kilikuwa cha bei ya chini kabisa, kisicho na mkono wala tundu la ufunguo kwa ndani. Tofauti ya bei ilishukia tumboni mwake. Akaongeza springi ya kuufunga mlango wenyewe, bure, maana Bwana Rimoti ni mtu wa utu.

Jumamosi asubuhi matroni akapanda basi kwenda kumsalimia mdogo wake. Muda si muda Rimoti alikuwa barazani. Akabonyeza simu, akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake kwa adabu zote.

Dhahabu aliikuta kabatini chini ya mashuka, pale ambapo kila mama huamini hapajulikani. Angeondoka hapo hapo. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma: akachukua redio, akachukua pasi, kisha akakaa kwenye kochi kujaribu viatu vya marehemu mume. Vilimbana. Akavitia kwenye begi lake la ufundi hivyo hivyo.

Akabonyeza atoke. Kimya. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza kwa dua. Kisanduku cha intaneti ukutani kilikuwa kinawaka taa nyekundu. Kitasa kilitegemea intaneti ya nyumba, na matroni, aliyegawa sabuni kwa vipande miaka thelathini bwenini, alikuwa amenunua kifurushi cha saa moja tu, cha kufungia mlango akiondoka. Saa ilikuwa imekwisha.

Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa jikoni ulikuwa na kufuli kwa nje. Rimoti aliogopa, aliogopa hasa. Akampigia.

"Shikamoo, mama. Fundi wako hapa. Napima mtambo kutoka ofisini, naomba ununue kifurushi kidogo..."

Saa ya ukutani ikagonga tano.

"Marahaba, mwanangu. Ofisini kwenu mna saa inayogonga kama yangu?"

"Mama, nisamehe! Nimekwama. Kila kitu nakirudisha mahali pake."

"Na pesa yangu ya mtambo?"

"Natuma sasa hivi!" Akatuma yote.

"Imeingia. Asante."

"Sasa kile kifurushi, mama."

"Cha saa moja moja kinaniumiza. Nitanunua cha wiki Jumatatu, nikirudi na mdogo wangu. Sijui kama nilikuambia, ni askari. Wali uko kwenye sufuria ya kijani. Ukishakula, osha vyombo."