Mashini ya Ornella

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi
Siku kubwa! Ornella amekubaliwa chuo kikuu, hapa hapa Butembo, atasoma informatique, elimu ya kompyuta. Masomo yanaanza wiki ijayo. Anatakiwa aje na ordinatere, kompyuta yake mwenyewe.

Ornella ni mtoto wa kaka yangu, marehemu Ézéchiel. Tangu wauaji walipomkuta Ézéchiel katika shamba lake la kakao, kule upande wa Beni, mjane wake Vagheni na binti huyu wanakaa kwangu, nyumba ya nyuma. Kakao ya mwisho aliyoipanda kwa mkono wake imeuzwa. Ndiyo itakayonunua mashini.

Nani ataichagua? Jéthro, ndugu ya Vagheni, mwalimu wa hesabu Beni, alipiga simu na kuanza kufundisha. Tuangalie batri kwanza. Tuangalie uzito. Tuangalie memoire, nafasi ya kuweka vitu. Nikamwambia Vagheni amwache mwalimu na hesabu zake. Mimi Malachie nilifanya kazi cyber mwaka mzima. (Mlangoni. Lakini mlango wa cyber.)

Vagheni alinitazama sana. Akasema sawa, shemeji.

Jumatano, tarehe 9
Imenunuliwa! Nimeshinda.

Ornella alishika moja nyeusi, nyembamba, nyepesi. Mwuzaji alisema inakaa mchana mzima bila courant, bila umeme wa ukutani. Nilicheka. Ilifanana na sahani ya kubebea chai. Mtoto wa Ézéchiel aingie chuo na sahani?

Nikachagua nyekundu. Kubwa! Chini ya herufi kuna taa zinazobadilika rangi, kama ngoma ya arusi. Ornella alininong'oneza: Baba mudogo, ile nyeusi ndiyo nzuri. Nikamwambia asiogope kitu kikubwa.

Tumeibeba kwa zamu hadi nyumbani. Bega langu limevimba.

Vagheni aliipangusa kwa kitambaa chake cha kichwa. Akasema tu: Ile kakao yake, ni hii. Kisha akaingia ndani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Alhamisi, tarehe 10
Batri imekufa. Si dhaifu. Imekufa. Ukichomoa waya, mashini inazimika hapo hapo. Nilirudi sokoni. Mwuzaji amesafiri. Kwenda wapi? Mbali, walisema, wakarudi kunywa kasiksi yao, pombe ya ndizi.

Na courant ya mtaa wetu inajua kuja na kuondoka tu. Leo ilikuja asubuhi. Ornella akarukia saa hiyo. Ile simu ya baba yake, yenye kioo kilichopasuka, inakaribia kufa. Akaondoa humo picha zote na sauti zote, akaziweka katika mashini.

Tukasikiliza. Ézéchiel anamwita binti yake kutoka shambani. Ézéchiel anagombeza mbuzi. Ézéchiel anacheka na kukohoa. Mke wangu Kanyere aliacha kusonga bugali, mwiko mkononi.

Nilitoka nje kuangalia kuku. Niliwaangalia sana wale kuku.

Mchana simu ikazimika. Haijawaka tena. Ornella alisema si kitu, kila kitu kiko ndani ya mashini.

Jumamosi, tarehe 12
Wazo! Paroisse, kanisa letu, ina groupe kubwa ya kutoa umeme. Inanguruma kila Jumamosi, wakati kwaya inajifunza. Nani atajua waya mmoja zaidi?

Niliingia kwa mlango wa pembeni, mashini ndani ya mfuko wa maharagi. Nikachomeka nyuma ya kabati la kanzu. Taa zote za rangi zikawaka. Raha! Kisha kitu kikalia paa! Kinanda kikanyamaza katikati ya Gloria. Spika zikanyamaza. Sauti moja tu ikabaki juu, ya mzee mmoja wa besi aliyeimba macho yamefungwa.

Mama Julie, mkubwa wa kwaya, alinikuta nimepiga magoti. Nikamwambia nilikuwa nasali. Akauliza kama nasali na mfuko wa maharagi unaotoa mwanga wa kijani.

Nimekatazwa mlango wa pembeni.

Jumatatu, tarehe 14
Masomo yameanza. Ornella alikwenda mikono mitupu. Wenzake walifungua mashini zao, yeye alifungua daftari. Alirudi, akakata kipande cha karton, akachora herufi zote kama zilivyopangwa kwenye ordinatere. Akaanza kuzoeza vidole juu ya karton. Tik, tik. Hakuna sauti, lakini midomo yake ilikuwa inasema tik.

Nilimwambia ni vizuri, vidole vitapata nguvu. Aliendelea na tik yake.

Jéthro alipiga simu. Batri iko aje? Nikasema batri ni nyepesi kabisa, mtu anaweza kudhani haiko.

Kanyere alinisikia. Alitikisa kichwa, akaendelea kuchagua mchele.

Jumanne, tarehe 15
Leo nimetengeneza mambo. Naandika haya Beni, kwa rafiki atakayenilaza.

Hapa Beni yuko Mukendi, mtu wa Kasai, mfanyabiashara wa mashini. Nilisikia kwamba anabadilisha ya zamani kwa nyingine. Nikamwambia Ornella naipeleka kurekebishwa kidogo. Kubadilishana sikumtajia. Akili ya mwanamume lazima iwe na siri.

Alinifuata mpaka barabarani. Akasema: Baba mudogo, ngoja kwanza courant irudi, nitoe sauti ya Papa, niiweke fasi ingine. Nikamwambia moto inaningoja, ile pikipiki ya kwenda Beni. Sauti haitaenda popote.

Njia yote niliiweka mashini mapajani. Mahali njia inapoachana kwenda upande wa shamba la kaka yangu, kuna askari na kizuizi. Dereva alipunguza mwendo. Sikugeuza kichwa.

Mukendi alipenda taa mara moja! Alisema vijana wa michezo wataigombania, batri atatafuta mwenyewe. Akanipa ya kijivu, ndogo, inayokaa muda mrefu bila waya. Kisha akauliza: Na données, nifanye nayo nini?

Sikujua données ni nini. Kuuliza? Mimi, mtu wa cyber? Tena ng'ambo ya barabara nilimwona mtu anayefanana na Jéthro. Nikajibu upesi: Pangusa zote, nataka kila kitu kiwe safi.

Akabonyeza. Tukaagana. Yule mtu hakuwa hata Jéthro.

Jumatano, tarehe 16
Sijui kuandika siku hii.

Ornella aliifungua ya kijivu. Alifurahi kwanza, nitasema kweli. Aliiinua juu kama mtoto mchanga. Kisha akaanza kutafuta. Akatafuta muda. Akauliza iko wapi ile nyingine.

Nikasema ni hii hii, imerekebishwa. Kama kuna vitu vimepotea, ni virusi.

Akanitazama. Akasema pole pole: Baba mudogo, virusi hapana badilisha rangi ya mashini.

Nikaeleza. Nilidhani sauti inamfuata mwenyewe, kama namba ya simu. Nilidhani ukifungua mahali pengine, itakuja. Tukampigia Mukendi. Alikuwa na huruma, maskini. Amefuta, amejaza vitu vingine juu yake, ameiuza tayari kwa mtu wa Oicha.

Vagheni alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza: Sauti yake iko wapi? Akauliza tena, kana kwamba hatukusikia.

Hakunipigia kelele. Alichukua ufagio, akafagia uwanja uliokuwa safi.

Ijumaa, tarehe 18
Jéthro amekuja mwenyewe. Alikwenda kwanza kwa Mukendi, kisha mpaka kwa mtu wa Oicha, akajaribu alichoweza. Hakuna.

Nilikuwa nimeandaa majibu yangu. Nilikuwa na mengine mazuri. Hakunitukana. Alikaa karibu yangu kwenye benchi, akasema: Beau-frère, shemeji yangu, mimi pia nilikuwa nataka kusikia ile kicheko yake mara ingine.

Afadhali angenipiga.

Simu ya zamani ameipeleka kwa mafundi watatu wa mjini. Hata picha moja haikutoka.

Jumapili, tarehe 20
Baada ya misa Ornella alikaa uwanjani na mashini ya kijivu magotini. Akaniita. Nikajua anataka kunihukumu. Akauliza: Papa alikuwa anasema aje? Fanya kama yeye.

Nikakataa. Mimi si mchekeshaji. Akangoja.

Basi nikafanya. Nikamwita kutoka shambani, polepole, namna kaka alivyovuta maneno kama mtu anayepanda kilima cha Masereka. Ornellaaa, leta maji, mama yako anataka kuniua na jua! Nikagombeza mbuzi. Nikacheka kicheko chake, nikakohoa mwishoni.

Vagheni alitoka na sufuria. Akasema: Hapana hivyo. Ye alikuwa anakohoa mbele, njo anacheka.

Akaweka sufuria chini. Akafanya mwenyewe. Alikohoa, kisha akacheka, na sijui, ndugu zangu, ilikuwa yeye. Ilikuwa Ézéchiel katika kinywa cha mke wake. Jéthro, aliyekuwa bado kwetu, alifunika uso kwa kofia. Vagheni alicheka mpaka kicheko kikageuka, akaendelea kulia kwa sauti ile ile.

Ornella alikuwa amebonyeza kitu. Sauti imehifadhiwa. Amenionyesha mahali ilipo, na amenifundisha données ni nini: ni kila kitu kilichowekwa ndani ya mashini. Jioni amenakili fasi ingine mbili.

Jumanne, tarehe 22
Courant haiko tangu asubuhi. Ornella anafanya kazi toka mchana, tik tik tik, sauti ya kweli. Ya kijivu ni nzuri. Watu wanaopita wananiuliza nani aliichagua. Najibu kwamba ni mimi, kwa sababu ni mimi.

Elsa, jirani yetu, anataka mashini ya kushona aanze kazi yake. Mume wake amebaki Manguredjipa, kwenye machimbo ya dhahabu, hana habari zake. Aliuliza kama ninajua mtu anayefahamu mashini hizo.

Kuniuliza mimi! Nimemwambia asisumbue mafundi, watamchanganya tu. Kesho mapema nitamnunulia ile niliyoiona karibu na stendi ya magari. Ina maua ya rangi ya dhahabu pande zote mbili. Sijaona sindano inaingilia wapi, lakini hilo ni jambo dogo.