Homa Isiyosikia Amri Yangu

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeamka na pua ya mtu mwingine. Tundu moja limeziba, lingine linavuja. Kichwa kizito kama gunia la mahindi mabichi. Homa! Na aliyenipa namjua. Ni Jelimo, mke wa shemeji yangu, jirani yangu wa ua hadi ua. Jana kanisani, wakati wa kupeana amani, alinishika kwa mkono ule ule aliopangusia pua. Amani gani hiyo?

Na wiki zote homa imechagua hii. Jumamosi tunaenda Bungoma kumpa jina mtoto wa Kigen, kitinda mimba wangu. Msichana. Hata mwezi hajamaliza. Mimi ndiye mwanamke mkubwa wa boma hili, kwa hivyo mimi ndiye wa kumpakata na kuwaita watu wetu waliokufa, jina moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Jina likitajwa na chafya ikatoka, basi. Huyo ndiye amerudi. Hata mimi nilipewa jina hivyo.

Ninayemtaka arudi ni Chepngeno, mama mkwe wangu. Nilipoletwa hapa nikiwa msichana, uji wangu ulikuwa madonge matupu. Wengine walicheka. Yeye aliyatafuna yale madonge yote, akasema ameshiba vizuri. Tangu afe, kila mtoto wa boma hili ameitiwa jina lake na hakuna hata mmoja aliyempigia chafya. Sasa amebaki huyu wa Kigen. Nyuma yake hakuna mwingine, Kigen mwenyewe amesema.

Jioni Nabwile akapiga simu. Ni mke wa Kigen, Mbukusu, anafundisha sayansi shule ya upili. Hana salamu ndefu. Ati mwenye homa asikaribie mtoto, kifua cha mtoto mchanga si cha kuchezea. Nikamuuliza, na mwenye kuita majina akiwa na homa? Akasema si Mama Hillary yuko.

Mama Hillary ndiye Jelimo! Na Jelimo anamtaka Jelagat, shangazi wa waume zetu, aliyemwachia ng'ombe. Jelagat aliyekuwa anafungia sukari ndani ya sanduku na kulala na ufunguo! Huyo ndiye arudi? Kwa sababu gani?

Nimeiambia hii homa iondoke kabla ya Jumamosi. Nimeiambia kwa sauti.

Jumanne, 18 Novemba

Watu wanatibu homa kwa woga. Kipande cha tangawizi, ndimu nusu, halafu wanalia haisikii dawa. Mimi nimetia tangawizi ya shamba zima, vitunguu saumu, ndimu, na zile pilipili ndogo anazouza Mama Chebet. Vyote sufuria moja. Vimechemka mpaka paka akahama.

Mzee wangu Kipkemei alidhani ni supu. Akanywa kikombe. Alitoka nje akasimama katikati ya ng'ombe kwa muda mrefu, akiangalia upande wa mlima.

Mimi nimekunywa vikombe vingi. Matokeo: macho yanatoa machozi, masikio yanalia, pua iko vile vile.

Nabwile akapiga tena. Nilikuwa nimejipanga. Nijibu maneno machache tu, yale yasiyopitia puani. Eeh. Sawa. Haya. Akasema, "Mama, hiyo pua naisikia mpaka Bungoma." Nikamwambia ni vumbi la mahindi, tunapukuchua. Akauliza tangu lini tunapukuchua kabla hayajakauka. Msichana wa sayansi, ameolewa juzi, anajua na mahindi yangu!

Jumatano, 19 Novemba

Kitale mjini. Nimeingia kemisti, nikataka vile vidonge vya rangi mbili, vyekundu huku vyeusi huku. Dawa yenye rangi moja ni ya watu wenye haraka ndogo.

Msichana wa pale akauliza barua ya daktari iko wapi. Nikamwambia daktari ni mimi, nimelea watoto saba. Akacheka vizuri, hana dharau, lakini vidonge hakutoa. Ati vile vinaua bakteria, na homa ni virusi. Ni sawa na kuweka mtego wa panya ukitaka kushika nzi. Akasema, "Shosho, nenda ulale, kunywa maji na vitu moto. Kifua kikikaza ama ushindwe kupumua, hapo kimbia hospitali."

Shosho! Mimi si shosho, kwetu nyanya huitwa Kogo. Na kulala nitalala nikifa.

Sokoni kuna mama anauza mafuta ya kuchua kutoka Lwakhakha, ya kopo la kijani. Alisema yanatoa homa, mgongo, na mashetani. Nikapaka chini ya pua. Nikapaka na ndani. Uuuwi! Nilitembea kutoka sokoni mpaka stendi bila kuona kitu, watu wananipisha, mmoja akaniambia pole kwa msiba.

Nyumbani nikakumbuka Mzee alibakisha vidonge vya jino mwaka jana. Vilikuwa vya rangi mbili! Nimevimeza vyote na chai.

Saa hii naandika nikiwa nimekaa upande mmoja. Tumbo limefunguka kama lango la kanisa. Pua bado imefungwa. Hivyo vidonge vimekosea njia.

(Kwenye rafu kuna na dawa ya ng'ombe. Nimeiangalia tu. Nimeirudisha.)

Alhamisi, 20 Novemba

Leo mvuke. Majani ya mkaratusi ndani ya sufuria, sufuria sakafuni, mimi nimepiga magoti juu yake, blanketi zito limenifunika kichwa mpaka miguu. Ilikuwa inaanza kushika. Tundu la kushoto lilisema fyuu.

Hodi! Jelimo, yeye homa yake ilishaisha. Mwanamke huyu hubisha akiwa tayari ndani.

Angejua nina homa, angepigia Nabwile simu kabla hajakaa. Sasa mtu atasema anafanya nini chini ya blanketi, amepiga magoti, mchana? Nikasema naomba. Natumaini utaniacha na Mungu wangu, Mama Hillary.

Akasema, "Mama Kigen, uombe peke yako na mimi niko?" Akapiga magoti kando yangu. Akaanza. Aliombea mvua ikae mbali mpaka mahindi yakauke. Aliombea barabara ya Moi's Bridge. Aliombea Hillary apate bibi, akataja sifa za huyo bibi moja moja. Mimi chini ya blanketi naiva kama kiazi. Jasho linaingia sufuriani. Alipofika kwa wagonjwa walio mahospitalini, chafya ikatoka. Ikafuatwa na ndugu zake wawili. Sufuria ikapinduka, maji yakamfikia Jelimo magotini.

Akasema Amina. Akainuka, akapangusa magoti, akaniambia pole kwa homa. Anatabasamu! Nikamsikia nje, hata langoni hajafika, ameshika simu: "Nabwile mama, nakuambia kwa upendo tu..."

Ijumaa, 21 Novemba

Nabwile alipiga asubuhi. Nilikuwa tayari kwa vita lakini hakuja na vita. Aliongea polepole, kama na wale watoto wake wa darasa.

Nikamuuliza hivi: nyinyi watu wa sayansi mmepeleka mtu mwezini, mbona mmeshindwa na kamasi?

Akacheka. Akasema, "Mama, homa si mtu mmoja. Ni ukoo." Ati virusi vya homa ni aina mia mbili na zaidi. Vyote vinafanana kwa kazi lakini kila kimoja kina koti lake. Mwili ukipigana na mmoja unamkariri uso, akirudi unamjua. Lakini anayekuja safari nyingine si yeye, ni binamu, na mwili haujawahi kumwona. Ukitengeneza chanjo ya mmoja, wale wengine wanapita. Na wenyewe wanabadilika badilika. Tena ile pua kuvuja na zile chafya, nyingi ni mwili wenyewe unafagia nyumba. Mpaka mtu atafute dawa ya kweli, mwili umeshamaliza kazi. Basi watu wanasifu chochote walichokunywa mwisho.

Hapo nimeelewa. Ni kama wale wezi wa mahindi wa kule Naitiri. Ukimshika mmoja, shemeji yake anakuja na gunia.

Nikamwambia basi nitafute dawa mia mbili. Halafu akasema nije Bungoma, lakini nitakaa nje kwenye veranda, na maski. Majina ataita Mama Hillary.

Nilimpa Mzee simu, nikaenda kugeuza mahindi kwenye turubai. Nimeyageuza mpaka yale yaliyokuwa yamegeuzwa.

Mzee akaja nyuma yangu. Yeye haongei sana, na tangu Jumanne sauti yake imekwaruza. Akasema, "Mama alikuwa anasema wewe ndiye utamwita." Basi. Akachukua reki, akageuza na mimi.

Nina mpango. Veranda ina dirisha. Nitaita kupitia dirishani! Homa ikae nje, jina liingie ndani.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Lazima niandike kabla Jelimo hajaeneza ya kwake.

Mpango ulikufa mapema. Nilipoteremka Bungoma nikafungua mdomo kusalimu, sauti hakuna! Hewa tu, kama kuku aliyekanyagwa. Homa imeshuka kooni. Wakaniweka kwenye veranda, kiti kizuri, maski, chai. Dirisha likaachwa wazi kidogo. Pazia likashushwa. Naona vivuli tu, nasikia kila kitu.

Ndani kulikuwa Jelimo amempakata mtoto, Nabwile, na Nakhungu, mama yake Nabwile. Wanaume walikaa mlangoni. Jelimo akatoa ugoro ndani ya leso, kidogo tu wa kusaidia chafya kama zamani. Nabwile akamwambia ugoro hauingii nyumba hii. Nikampenda huyo msichana kwa mara ya kwanza.

Nakhungu akauliza chafya ni ya nini. Kwao mtoto hulia, watu wakitaja majina, na jina lake likifika ananyamaza. Jelimo akamwambia, "Mama, leo tuko kwa chafya."

Akaanza. "Jelagat!" Kimya. "Jelagat, njoo nyumbani!" Kimya. Nilijua! Hata hakuanza na wengine!

Na hapo ndipo pua yangu ikaamka.

Ilianza mbali, kama pikipiki inakuja. Nikaelewa hatari yote kwa mara moja. Pazia limeshuka. Wakisikia chafya sasa, juu ya Jelagat, itakuwa Jelagat milele! Nikabana pua. Nikauma maski. Jelimo akaita tena Jelagat. Nikasimama kwa mguu mmoja. Akaita tena. Macho yakatoka. Nikamfikiria Yesu, nikafikiria ushuru wa kaunti, chochote kile.

Mtoto akaanza kulia. Akalia kweli kweli. Nakhungu akasema kwao huko ndiko kukataa. Jelimo akasema ni gesi. Akaita watu wengine haraka haraka, wajomba, mashangazi, hata mtu mmoja ambaye nina hakika bado yuko hai Eldoret. Mtoto analia tu. Jelimo akasema basi turudi kwa Jelagat.

Ndipo Mzee akasema pale mlangoni, na lile koo lake la kukwaruza: "Na mama yangu?"

Mtoto bado analia. Jelimo si mwanamke mbaya. Chepngeno alimpokea yeye pia, na uji wa Jelimo ulikuwa mbaya kuliko wangu. Nikamsikia anavuta pumzi. Akaita taratibu, "Chepngeno."

Nikaachilia.

Sijawahi kupiga chafya kama ile. Maski iliruka. Kikombe kilianguka. Mbwa wa jirani akabweka. Ndani, mtoto alinyamaza ghafla, kama mtu amezima redio.

Halafu vigelegele! Nakhungu anapiga kelele, "Amenyamaza! Amenyamaza kwa hilo!" Mzee anasema amepiga chafya, ameisikia, chafya ya mama yake kabisa. Jelimo anasema mbona chafya kubwa hivyo kwa mtoto mdogo hivyo. Nakhungu akamwambia, "Si amekuja mtu mzima ndani yake?"

Pazia likasogea. Nabwile. Akaniangalia mimi, akaangalia kikombe, akaangalia maski iliyo kwenye maua. Nikaangalia mbinguni. Akafunga dirisha polepole, na kabla halijafungwa akasema, "Pole na vumbi la mahindi, Kogo."

Ameniita Kogo.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimepona! Pua wazi zote mbili. Sauti imerudi, Mzee ameshaisikia mara kadhaa.

Nabwile atasema ni mwili umemaliza kazi. Sibishani na mtu anayenyonyesha. Lakini nimefikiri vizuri. Dawa zilikuwa zinafanya kazi zote, shida ni nilizichukua moja moja. Sasa nimechemsha kila kitu pamoja: tangawizi, saumu, pilipili, mkaratusi, na kijiko cha mafuta ya Lwakhakha. Nimejaza chupa.

Nimempelekea Jelimo ya kwanza. Ameshikwa tena. Nimemkuta amelala na leso usoni, anasema nilimpatia mimi Jumamosi tulipokumbatiana. Huo si ukweli, hiyo ilikuwa furaha. Nikamwambia anywe yote. Amekataa! Nimekaa pale mpaka akanywa. Sasa hivi yuko nje na ng'ombe wake.

Jumatano, 26 Novemba

Kigen anasema Krismasi wataleta mtoto Kitale, nimpakate Chepngeno wangu mwenyewe.

Asubuhi hii koo linawasha kidogo. Tundu la kulia linasitasita. Nabwile angesema huyu ni binamu. Binamu gani? Namjua, ni yule yule, amebadilisha koti. Na chupa ninayo.

Lakini nani amesema ni homa? Mahindi yamekauka. Ni vumbi.