Sauti ya Josepha Iliyowekwa Akiba

Alhamisi, 3 Juni 1954
Mchezo wetu wa nyimbo za wapagazi umefufuliwa! Kabla ya vita aliyeigiza mke wa mpagazi nilikuwa mimi, na kilio cha watu kilisikika mpaka Kipalapala. Sasa ni Josepha, binti yangu. Damu hiyo! Ila Mwalimu Damas ameondoa ngoma, kaweka kinanda. Wapagazi gani wanasafiri na kinanda? Nikamwuliza. Akasema shikamoo mama, akaondoka.
Jumapili tunaucheza jukwaani, na Jumatatu watu wa sinema watakuja kuupiga picha. Nimepata akili.

Jumapili, 6 Juni, Pentekoste
Nilimwambia Josepha jukwaani anong'one tu, sauti aiweke akiba ya sinema. Jukwaa linasahaulika, sinema inafika Dar es Salaam! Akasema bibi yake katoka Itetemia kwa miguu kumsikia. Nikasema atamsikia kwenye sinema.
Mtoto mtiifu. Akanong'ona. Watu wa nyuma wakapiga kelele: sauti! Mama Eustadia, jirani yangu yule, akamsukuma binti yake Eustadia mbele, naye akaumalizia wimbo. Bibi akalia. Kwa Eustadia!

Jumatatu, 7 Juni
Josepha kaimba! Mbuzi walikimbia. Mpiga picha akamtaka apanue mdomo zaidi. Huyo anajua kazi.

Jumamosi, 4 Septemba
Gari la sinema limefika. Mji mzima uwanjani. Bibi hakungoja, tulimzika mwezi uliopita.
Josepha akatokea kwenye shuka, mkubwa kama nyumba, mdomo wazi. Kimya! Mashine yao ilichukua sura tu. Badala yake mwanamume fulani akaeleza kwa kipaza sauti: “Mama huyu anapiga miayo. Amechoka kwa sababu hana plau ya ng'ombe.” Basi. Mchezo wetu wote, mwayo mmoja! Mama Eustadia alicheka mpaka kanga ikamdondoka.
Josepha hakulia. Aliniuliza tu kama bibi aliukasirikia ule mnong'ono.  

Jumapili, 5 Septemba
Nimejuta sana. Sinema si kitu cha kukiamini. Redio ndiyo! Wanasema gari la redio litapita kabla ya Krismasi, na hilo linachukua sauti yenyewe. Nimemkataza Josepha kuimba mpaka hapo, hata kwenye misa ya bibi.
Akafungua mdomo. Nikadhani atabisha. Akapiga miayo.
Kachoka tu, maskini. Nimempa asali, ni nzuri kwa sauti.