Kalamu Mfukoni mwa Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba anaumwa. Mama alinipigia simu kunilaumu: kaka yake anaishi mtaa wa pili, na mimi tangu arusi yangu sijatia mguu. Nikaenda na machungwa ili nisisemwe.

Namshukuru Mungu nilikwenda. Mfukoni mwa shati lake la kulalia kuna kalamu ya wino ya zamani. Nyeusi, kifuniko kina pete tatu za dhahabu, ubavuni kile kijichuma cha kufyonzea wino. Nina kalamu kumi na moja kwenye droo. Zote zikiwekwa pamoja hazifikii hii. Aliitumia miaka yote ya ukarani mahakamani.

Nimemwambia mke wangu nitakuwa nikienda kila jioni nikitoka kazini, maana damu nzito kuliko maji. Ameuliza kama ni nzito kuliko wino.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: nisiitaje kalamu kabisa. Mtu akikuzoea, anakupa mwenyewe. Haba na haba.

Nimesifia pazia. Nimesifia kikohozi, kwamba leo kina nguvu. Mjomba akafurahi, akaniomba nimkate kucha za miguu. Ngumu kama pembe. Nimekata huku jicho liko mfukoni, mpaka akauliza kama shati lina doa.

Ijumaa, 7 Machi

Subira imenishinda. Nimemwambia wino umeganda ndani, kalamu itaharibika, niichukue nikaioshe nyumbani. Sikukusudia kuirudisha.

Mjomba akasema wazo zuri, tuioshe hapahapa. Akaniagiza bakuli. Tukakaa kitandani bega kwa bega, bakuli katikati, maji yakawa bluu, vidole vyetu bluu. Akajaribu kuandika jina langu. Mkono ukachoka, akaishia nusu. Akasema tangu mkewe afariki hakuna aliyekaa naye hivi, watu husimama mlangoni na kuuliza hali.

Nikasema ncha yake ni dhahabu tupu. Akacheka mpaka akapaliwa, na kalamu ikarudi mfukoni.

Jumapili, 9 Machi

Kosa dogo. Nilikutana na Daktari wa Meno, mpinzani wangu katika kukusanya kalamu. Yeye huweka kalamu zake katika kabati la kioo pale anapong'olea watu meno, na husimulia habari zake mgonjwa akiwa kaachama, hawezi kubisha. Leo alinieleza mpya aliyoipata. Uvumilivu una mpaka. Nikamwambia kuhusu ya mjomba, pete tatu na yote. Akauliza tu kama mzee ana meno yake mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimekuta mjomba anatafuna chungwa, anatabasamu. Meno ya bandia mapya. Mfuko mtupu.

Nikauliza iko wapi. Akasema daktari amemhudumia bure, mtu mwema sana, na yeye hakuwa na cha kumpa. Alipomwona anaitazama ile kalamu macho yamemtoka, akampa.

Nikamwambia, "Na mimi je, mjomba?"

Akashangaa kweli. "Wewe? Wewe huji hapa kwa ajili ya vitu, mwanangu."

Siku zote huniita mjomba, kama ninavyomwita. Leo mwanangu. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Sikwenda. Na ajue.

Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda. Jirani anayempikia amepita kuuliza kama ninaumwa, mzee amegoma kula mpaka nifike. Nikasema nina kazi nyingi. Mke wangu alinitazama, akaenda kuanua nguo. Basi, kesho nitakwenda. Nitakaa kidogo tu, uso nimeukunja.

Ijumaa, 14 Machi

Mjomba amefariki asubuhi. Nilikuwa bado kazini.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemzika. Udongo ulikuwa na mawe, koleo likawa linalia. Watu wakanipa pole zaidi kuliko walivyompa mama. Wanasema mzee hakuacha kunitaja.

Daktari wa Meno alikuja na suti nyeusi. Akanivuta pembeni, akanitia kalamu mkononi. Akasema alipokuwa akipima ufizi, mzee alimsimulia habari zangu tangu mwanzo hadi mwisho, tena kaachama. Hawezi kuiweka kabatini, si yake. Nikamshukuru. Sikuwa na neno baya la kumwambia, jambo lililonisikitisha zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Kalamu ninayo. Iko mbele yangu, ndiyo ninayoandikia. Inateleza vizuri mno. Chakula hakishuki. Jioni miguu ilinipeleka yenyewe mtaa wa pili, nikakuta kufuli, nikasimama pale kama mdai.

Mke wangu amenishika bega, akasema ninamlilia mjomba, si aibu. Mke mwema, lakini haelewi mambo ya kalamu.

Nimewaza sana, nimepata sababu. Kalamu za aina hii zilikuwa zikiuzwa pamoja na penseli yake, nyeusi, pete tatu. Ndiyo maana naona pengo. Bila pacha wake haijakamilika, moyo utatuliaje?

Nimeulizia. Ipo moja kwa mzee mstaafu wa posta, kule mlimani. Haoni vizuri, hana mke wala mtoto, na hatembelewi na mtu.

Maskini. Nimeshanunua ndizi.