Mtetezi wa Imani na Sanduku la Maswali

Jumatatu, 4 Agosti

Habari njema! Katekista wetu anastaafu. Macho yamemwisha, hasomi tena hata namba za nyimbo. Jana Padre alitangaza kwamba anatafuta wa kuwafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, na kwamba anataka mtu anayeweza kuwajibu wanaotupinga. Alipotamka hayo alinitazama mimi. Mke wangu anasema alikuwa anatazama saa iliyo ukutani juu ya kichwa changu. Wivu tu.

Mpinzani ninaye mmoja: Muuguzi mstaafu. Mama wa watu, mpole, anaongea kama vile kuna mgonjwa kalala chumba cha pili. Kubishana hajui. Nafasi ni yangu.

Nimeanza mazoezi leoleo. Kaka wa mke wangu alituacha miaka sita iliyopita akaenda kwa walokole. Tangu hapo kila akipita hapa kwenye duka langu la ushonaji huniachia swali, kama mtu anayeacha mlango wazi makusudi. Leo kaja kuchukua suruali, akakuta bado, akasema tunaabudu sanamu. Nikamuuliza, ile picha ya marehemu mama mkwe sebuleni kwake, anayoifuta vumbi kila Jumamosi, anaabudu fremu? Akahamia kwa Maria. Nikamwambia tunamwomba atuombee, kama yeye anavyomwomba mchungaji wake amwombee goti. Akasema mchungaji yu hai. Nikamuuliza kama walio mbinguni kwake wamekufa. Mbili bila! Kwa furaha nikashona mkono wa kulia mahali pa wa kushoto.

Jumanne, 5 Agosti

Wazo limenijia nikipiga pasi kola. Sanduku la maswali! Liwekwe mlangoni mwa kanisa, watu watumbukize pingamizi zote wanazosikia mitaani, kisha Jumapili baada ya Misa mimi na Muuguzi tuzijibu ukumbini. Padre amelikubali kabla sijamaliza sentensi. Kasema mwenye kujibu vizuri ndiye katekista.

Asichojua Padre ni kwamba maswali nitayaandika mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeandika maswali kumi na manne kwa mkono wa kushoto. Toharani imeandikwa wapi? Kwa nini kuungama kwa binadamu mwenzako? Kwa nini mnamwita padre baba wakati Mathayo ishirini na tatu inakataza? Majibu ninayo kichwani, na mistari yake. Karatasi sikununua, ya nini, wakati droo imejaa vikaratasi? Nimeyatumbukiza saa saba mchana, kanisa tupu. Ushonaji umenifunza kutoacha alama ya chaki.

Jioni kapita Shemeji. Kasema rozari ni kupayuka maneno yaleyale. Nikamkumbusha kwamba kwao Jumapili iliyopita waliimba kiitikio kimoja mpaka mpiga ngoma akabadilishwa. Tatu bila. Kwenye hilo la baba sikumpa nafasi: watoto wake wanamwitaje, Mjomba?

Nimemkaribisha ukumbini Jumapili. Nataka ashindwe mbele ya watu, si hapa mbele ya cherehani. Nikamwambia alete maswali yake yote. Akasema kwa kweli analo moja tu. Nikamwambia alitie sandukuni, nitammaliza. Akaenda zake bila suruali yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Mke wangu anauliza kwa nini nahubiria vioo. Anasema niwe mwangalifu na kaka yake. Nikamjibu kwamba kaka yake ndiye awe mwangalifu na mimi. Akatikisa kichwa, akarudi kuchambua mchele.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya aibu. Nitaandika yote, ukurasa huu hausemi na mtu.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, mteja wangu mkubwa kwa kila hali, alikaa safu ya pili. Shemeji alisimama nyuma kabisa, kando ya mlango, mikono mfukoni. Padre akasema tutavuta karatasi kwa zamu bila kuchagua. Hilo sikulipangia.

Zamu ya kwanza yangu. Nikavuta karatasi nisiyoijua. Mwandiko mdogo, umekandamizwa. Iliuliza: mtoto aliyekufa siku ya pili, kabla hajabatizwa, yuko wapi?

Sikuwa nimeandaa hilo. Nilikuwa nimeandaa kwa nini tunabatiza watoto wachanga, nikaona yanakaribiana. Nikanguruma! Nikasema hayo ndiyo matokeo ya uzembe, walokole wasikie, ndiyo maana sisi tunawawahisha watoto, mzazi huyo angewahi asingekuwa na swali! Nikangoja makofi. Hakuna aliyepiga. Nyuma mlango ulifunguliwa, ukafungwa.

Muuguzi hakuvuta karatasi yake. Akaomba ruhusa aongeze neno. Akasema wodini amebatiza watoto wengi kwa maji ya kikombe, maana usiku wa namna hiyo yeyote anaruhusiwa, na wapo ambao hakuwawahi. Kosa si la mzazi. Kanisa linamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, naye Mungu hashindwi kumpenda mtoto kwa sababu sisi tulichelewa. Kisha akasema anaomba radhi, akatoka nje kumfuata aliyetoka.

Kiti chake kikabaki kitupu. Nikaona bahati! Nikavuta ya pili: toharani. Yangu! Nikaiinua juu nikaisoma kwa madaha, sauti ikipanda. Mwalimu wa kwaya, aliyeketi mbele yangu, akawa anasoma upande wa pili wa karatasi. Kwa sauti. Ile ya kwaya.

Mwalimu Mkuu. Kiuno 44. Hipsi 52. Anasema niandike 40; nimkubalie, asikasirike.

Padre akamimina sanduku lote mezani na kuzigeuza karatasi moja moja. Kumi na nne zilikuwa na vipimo vya waumini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni mke wangu hakunipakulia. Nilipouliza kulikoni, akasema swali la kwanza lilikuwa la kaka yake. Miaka sita iliyopita alimzika mwanawe, akamuuliza kila mtu kanisani, kila mtu akamjibu kwa haraka. Kisha akaondoka. Mimi nilikuwepo kwenye mazishi yale. Kumbe nilimwambia hivyohivyo, ila makaburini hapakuwa na mlango wa kutokea.

Nimelia kidogo. Ningependa ijulikane.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeungama. Leo ndipo nimeelewa mvuto wa hoja ya walokole ya kuungama moja kwa moja kwa Mungu. Mungu hajifanyi anakohoa kuficha kicheko. Malipizi: nimwombe radhi Mwalimu Mkuu, na Shemeji. Mwalimu Mkuu amenisamehe, amehamia kwa fundi mwingine. Kwa Shemeji nilikwenda, sikumkuta. Nahesabu nimekwenda.

Katekista ni Muuguzi. Mimi Padre ameniagiza nikae darasani kwake na wakatekumeni, mwaka mzima, kimya.

Jumapili, 24 Agosti

Ajabu! Shemeji kaja Misani. Kakaa karibu na Muuguzi, kasimama pale tunaposimama, kapiga magoti pale tunapopiga. Mke wangu amelia Misa nzima. Watu wanasema ni kazi ya yule mama, eti humtembelea kila jioni, hukaa naye barazani na wala haongei sana. Upuuzi. Ni zile tatu bila zimeanza kumwingia. Nimemwandikia Padre barua kumweleza hivyo.

Jumatano, 27 Agosti

Darasa la kwanza. Muuguzi alifundisha saa nzima bila mstari hata mmoja wa kumkomesha mtu. Alipokosa jibu alisema hajui, atauliza. Hajui! Na darasa likampenda zaidi!

Nikapata wazo. Nikipata pingamizi saba nzito, nizirushe darasani mfululizo, atasema hajui mara saba, na Padre atalazimika kutafuta mtu mwingine. Nikatoka mbio hadi kwa Shemeji. Nikamkuta barazani ametulia, anakunywa maji. Nikamwomba anipe maswali yake makali kabisa dhidi ya Ukatoliki, yote, hata yale ya papa.

Akaweka kikombe chini. Akasema hana tena.

Nimerudi nimenuna. Miaka sita mtu ananisumbua kwa maswali asubuhi na jioni, siku ninapoyahitaji hana hata moja. Shemeji gani huyo!