Senene Ndani ya Makasha ya Risasi

Jumamosi, 5 Desemba 1998. Ilford.

Nimepata! Mimi Telesphor, mkunja mashuka wa hospitali huku kwa Waingereza, nimepata dawa ya harufu!

Tangu Jumanne sina raha. Dada mmoja nesi, mtu wa kwetu, karudi kutoka likizo Bukoba na kunikabidhi mfuko wa senene, wale panzi wetu watamu. Wa msimu huu huu! Wamechemshwa na kukaangwa nusu, nusu iliyobaki mtu anamalizia mwenyewe. Nilipofungua mfuko machozi yalinilengalenga. Miaka mitatu sijatafuna senene.

Tabu ni nyumba. Mama Bharti, mwenye nyumba, hali nyama, hali samaki, hali hata yai, na hataki kitu kilichowahi kutembea, kuogelea wala kuruka kivuke mlango wake. Senene wanaruka. Ameshanionya mara mbili, kwa supu ya kongoro na kwa soseji niliyoiita karoti. Akinikamata mara ya tatu, nje. Na siwezi kutolewa nje sasa! Mke wangu Adventina amepata viza. Anatua Jumamosi ya tarehe 19. Nimemwahidi chumba changu cha mbele, dirisha la barabarani, kitanda cha watu wawili. Nikikosa chumba, nitampokea uwanja wa ndege nimpeleke wapi?

Leo nikakatiza sokoni Barking. Mzungu mmoja anauza mitumba ya jeshi: mabuti, makoti, mabegi. Na makasha ya risasi! Ya chuma, ya kijani, matupu, mfuniko una mpira pande zote. Unabana komeo, paa! Muuzaji akasema wapo watu wa shabaha wanaoweka risasi humo majumbani mwao miaka nenda rudi, zinatoka kavu kama zilivyoingia. Maji hayaingii. Hewa haitoki. Nikamuuliza, na harufu? Akasema hajawahi kuulizwa hilo, lakini itapita wapi?

Nimenunua manne. Kwenye basi nilijizuia kuimba.

Jumapili, 6 Desemba

Mama Bharti alipotoka kwenda hekaluni, mimi jikoni mbio! Kitunguu, chumvi, senene. Madirisha wazi, baridi inaniuma masikio, nacheka peke yangu. Nilipanga kuwapoza kwenye magazeti kama inavyotakiwa. Mara nasikia ufunguo mlangoni. Kasahau miwani! Nikawamimina kwenye makasha wakiwa wa moto, wanachuruzika mafuta. Nikabana makomeo. Paa, paa, paa, paa. Mama Bharti akapita, akavuta hewa, akasema kitunguu kinanukia vizuri.

Kitunguu!

Makasha nimeyaficha kwenye kabati la boila, lile pipa la maji ya moto, nyuma ya mashuka. Pakavu, pana joto, hapana mtu.

Jioni Adventina akapiga simu. Mama Bharti ndiye huipokea kila mara, na kwa kuwa amezaliwa Mwanza, Kiswahili chake hakina breki. Mpaka nikabidhiwe mimi, kadi ya simu ya mke wangu imebaki na pumzi mbili. Adventina akawahi kuuliza kama niliwapoza senene vizuri kabla ya kuwafunika. Nikamwambia bila shaka. Bado ana mawazo ya ungo na jua, maskini. Huku kuna mpira wa jeshi.

Jumatano, 9 Desemba

Siku ya ajabu!

Kamande, Mkenya wa chumba cha nyuma, ni mlinzi wa duka la viatu na anajiona nusu polisi. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta. Chumba changu anakitamani waziwazi. Siku moja nilimkuta anapima ukuta wangu kwa hatua. Leo alikwenda kabatini kutafuta taulo, akayaona makasha, akasoma maandishi ya njano ubavuni: risasi mia mbili.

Akaja kugonga mlango wangu. Kugonga! Huyu huwa anaingia tu. Akaninong'oneza kama niliwahi kuwa jeshini.

Nilitaka kusema hapana. Naapa. Lakini aliniangalia kwa heshima ambayo sijaiona tangu nimekanyaga nchi hii. Nikatazama dirishani, nikashusha pumzi, nikasema kuna mambo mtu hapendi kuyakumbuka.

Kamande akaenda kunipikia chai. Akaileta na biskuti.

Jumamosi, 12 Desemba

Ushindi juu ya ushindi. Nyumba haina harufu hata kidogo! Mama Bharti kanisifia, kasema mwezi huu nimekuwa binadamu, na atamshonea Adventina mapazia mapya. Kamande ananiita Afande. Kaniachia kiti kilicho karibu na hita.

Jambo moja dogo. Nilipochungulia kabatini, mifuniko ya makasha ilikuwa imetuna. Tumbo nje, kama watoto walioshiba uji. Nimefurahi sana. Ni ushahidi kwamba mpira haupitishi kitu!

Jumatatu, 14 Desemba

Balaa!

Kamande kasema! Heshima ilimzidi, akaogopa, akamweleza Mama Bharti kwamba nyumba yake ina ghala la silaha. Nikaitwa jikoni. Mama Bharti alikuwa amesimama, sari imebanwa kiunoni. Akauliza kwenye yale masanduku mna nini.

Nikapiga hesabu haraka. Nikisema senene, natoka leo, na Adventina analala barabarani. Nikisema risasi, pengine atanihurumia kama mtu mwenye historia.

Nikasema risasi.

Nikaona afadhali nizipe adabu kidogo, nikaongeza kwamba ni za kuwindia. Akauliza Ilford nawinda nini. Nikasema njiwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Mama Bharti huwalisha njiwa wa uani kila asubuhi na amewapa majina.

Kabla sijajitetea, mlango ukagongwa. Polisi wawili, mwanamke na mwanamume. Kamande alikuwa ameshapiga simu, na amevaa yunifomu yake ya duka la viatu, kifua mbele, anawaelekeza njia. Tukatolewa nje. Makasha yakabebwa polepole mpaka uani. Majirani wamejaa kwenye uzio, mmoja na kikombe chake mkononi. Yule mwanamke akaniuliza kwa upole kuna nini ndani. Nikasema kwa Kiingereza changu chote: wadudu, mama, wa kula! Akaniomba nirudie.

Yule mwanamume akagusa komeo la kwanza.

Mfuniko uliruka wenyewe! Kwanza mlio, kisha harufu. Ee Mungu wangu, harufu. Aliyekuwa karibu zaidi ni mimi, nilikuwa nimejitupa mbele kuwakinga senene, na yale mafuta yaliyooza yakanirukia koti, nywele na kola. Polisi akaenda kushika ukuta. Jirani akamwaga chai yake. Wa kwanza kukimbia alikuwa Kamande, mlinzi.

Polisi wakafungua yote manne, maskini, kazi ni kazi. Wakasema hakuna kosa, ila nifute maandishi. Yule mwanamke akauliza kama kweli watu hula hivi. Nikamjibu kwa uchungu kwamba siyo hivi.

Mama Bharti akachungulia kwa mbali, pua ndani ya sari. Akasema, wewe Telesphor, hii senene. Mwanza sokoni mimi naona toka mtoto. Hata mimi hapana kula, najua inapoa kwanza! Halafu akasema mpaka Jumamosi nitoke.

Jumamosi. Siku ya Adventina.

Jumatano, 16 Desemba

Nimetafuta chumba Barking, nimetafuta Croydon kwa binamu wa yule nesi. Kila mahali wanaanza kwa tabasamu, kisha pua inawaambia. Kwenye treni nilikaa peke yangu upande mzima. Nimeoga kwa ndimu, kwa siki, kwa sabuni ya vyombo. Wapi!

Nimempigia Adventina kumwambia ukweli. Nilikuwa nimeandaa ukweli mzuri kidogo. Kumbe Mama Bharti alishampigia, kwa gharama yake, saa nzima. Adventina anajua risasi, anajua njiwa, anajua soseji ya karoti. Niliogopa kweli kweli kwamba atasema basi, anabaki zake Bukoba. Miaka mitatu nakunja mashuka ya watu nikihesabu siku ya huyu mwanamke.

Akasema anakuja. Yeye na Mama Bharti wamekubaliana. Wamekubaliana nini, hakusema. Nililia kwenye simu, na sioni aibu kuiandika.

Jumamosi, 19 Desemba

Amefika! Kanga kichwani, koti la kuazima, na tabasamu lile lile. Nilimkimbilia. Akanikimbilia. Alipofika hatua ya mwisho akasimama, akakunja pua, akarudi nyuma. Kisha akaja tena, akanikumbatia huku ameziba pumzi. Hayo ndiyo mapenzi. Sitaki kusikia mengine.

Nyumbani Mama Bharti alimpokea kwa chapati na dengu, wakashikana mikono kama dada waliopotezana. Ndipo nikasomewa makubaliano. Sifukuzwi! Nikaruka. Bado hawajamaliza. Chumba cha mbele ni cha Adventina. Kuanzia leo mpangaji ni yeye, mimi ni mgeni wake. Na mgeni atalala sakafuni kwa Kamande mpaka harufu iishe, na uongo uishe. Kamande akapinga, akauliza yeye kakosa nini. Mama Bharti akasema, wewe leta polisi kwa ajili ya panzi.

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Akaomba aongezewe dengu.

Jumapili, 20 Desemba

Kamande anakoroma, halafu anaamka kulalamika kwamba nanuka. Ng'ambo ya ukuta nasikia mke wangu na Mama Bharti wanacheka. Miaka mitatu bahari na majangwa vilitutenga, sasa ni ukuta wa karatasi, na ukuta unauma zaidi.

Asubuhi Adventina kaniletea chai mlangoni. Vidole vyetu vikagusana. Akaniuliza, Baba, umejifunza? Nikamwambia sana, mke wangu, mpaka mifupani. Macho yake yakalainika. Akasema pengine wiki moja tu.

Na nimejifunza kweli! Kosa lilikuwa moto. Makasha hayana kosa lolote. Nimeyaosha kwa siki, nimefuta maandishi, mpira bado mzima kabisa. Na Adventina, Mungu ambariki, kaja na mfuko wa dagaa, zawadi ya kumpa yule nesi. Kautundika nje ya dirisha ili usiingie ndani, mpaka nesi aje kuuchukua. Nesi mmoja, mfuko wote ule? Nusu tu nimepunguza. Na wamepoa! Wamekaa kwenye baridi usiku kucha, wamepoa kuliko dagaa wowote duniani.

Paa! Komeo limelia vizuri sana.

Safari hii kabati la boila sitaki kulisikia. Mama Bharti kaenda hekaluni na miwani yake, nimehakikisha. Kasha nimelisukuma chini ya kitanda chake mwenyewe, mpaka ukutani. Hata likigundulika, ni chumbani kwake. Nani atamfukuza yeye?